Daho na Dago

Nasra alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa kibarazani nachambua mchele, akaniambia kwa sauti iliyokauka, "Mama mdogo, mama ametutoka." Nikasoma Inna lillahi, na kabla sijafika mwisho wake moyo ulikuwa umeshavuka bahari, umefika Moroni, mtaa wa Magudju, na kusimama mbele ya mlango wa bati uliopakwa rangi ya kijani. Nyumba yangu! Sasa nyumba yangu itakuwaje? Mama Nasra nilimpenda, wallahi nilimpenda, na bado ndivyo moyo ulivyofanya. Tuliyoagana kuhusu nyumba ile tuliagana mimi na yeye, mlango ukiwa umefungwa. Akizikwa leo alasiri, nabaki peke yangu na maneno yasiyo na shahidi. Niliuacha mchele hapo hapo, nikaenda kutafuta tiketi ya ndege. Njiani nikayakumbuka yote ya mwaka ule, na ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Naandika kwa Kiswahili nilichokipata Unguja nilikosomea ukunga, maana lugha zetu mbili za nyumbani, ya Moroni na ya Mutsamudu, zote zimo katika kesi hii, na sitaki kupendelea upande.

Mwaka ule kisiwa chetu cha Nzuwani kilikuwa kimeshajitangaza kuwa nchi peke yake, na Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu vyote, imekataa kuitambua nchi hiyo. Mimi, Mnzuwani wa Mutsamudu, nilikuwa mkunga Moroni, kwenye wodi ya wazazi. Mshahara ulikuwa hauji. Unafanya kazi mwezi, unaambiwa subiri. Unasubiri, unaambiwa fedha zilikuwapo jana. Watoto nao hawakusubiri, walizaliwa tu, tena wawili wawili, na sisi wakunga tulikula shelisheli la kuchemsha bila kitoweo na kurudi zamu. Hapo ndipo nilipopata wazo la nyumba ya kupangisha. Serikali ikininyima, mpangaji atanipa. Kijana mmoja wa Magudju alikuwa anakimbilia Marseille na anauza haraka, kwa sababu wakati ule nani alinunua nyumba? Niliuza bangili zangu zote za dhahabu, mikono ikabaki mitupu, nikapata vyumba viwili, ua, tangi la saruji la maji ya mvua, na nondo zilizotokeza juu ya kuta kungoja ghorofa ambayo mwenyewe aliikatia tamaa. Karatasi ya mauzo iliandikwa kwa kalamu ya wino na haikupelekwa kokote. Magudju nyumba ilikuwa ya yule ambaye majirani walisema ni yake.

Na majirani hawakunielewa kabisa. Kwetu, visiwa vyote, nyumba ni ya mwanamke. Wazazi humjengea binti, binti huolewa humo, na mume ndiye anayehamia na sanduku lake. Mtu akisikia umenunua nyumba, swali la kwanza ni hili: "Una binti?" Sina. "Basi unaolewa?" Siolewi, niliolewa mara moja na ikatosha. "Sasa ya nini?" Ya kupangisha. Hapo wanakutazama kwa huruma. Mwenzangu wa zamu aliniuliza mbele ya wagonjwa, "Zalihata, wewe umenunua kuku au umenunua nyumba, unataka itage?" Wodi nzima ikacheka, hata waliokuwa na uchungu. Nikamwambia ndiyo, nataka itage, na yai la kwanza nitakuletea wewe.

Kumbe kupangisha nako ni ukunga, huitwi kwa wakati wako. Mpangaji wa kwanza alikuwa karani wa ofisini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na kila kilichoharibika alinitumia ujumbe kazini. Bomba limeziba. Bati linavuja juu ya kitanda. Paka amefia kwenye tangi. Siku moja mtumishi wa wodi alichungulia mlangoni akasema, "Bi Zalihata, karani wako anasema kitasa hakifungi, na yeye hawezi kutoka bila kufunga." "Mwambie nina kichwa cha mtoto mkononi!" nilimpigia kelele. Baada ya zamu nilikwenda mwenyewe na bisibisi, macho mazito kwa usingizi, nikakifungua kitasa kile na kukirudisha, na karani amesimama pembeni ameshika tai yake isiguse kutu. Alihama bila kuaga. Nilijilaumu kwa bangili zangu, nililala nikihesabu madirisha badala ya kusali, na nilikuwa karibu kuiuza nyumba kwa yeyote, ndipo akaja Mama Nasra.

Yeye alikuwa katika wale Wangazija, watu wa kisiwa cha Moroni, waliorudishwa kutoka Majunga, Madagaska, mwaka wa sabini na saba, baada ya mauaji. Walishushwa uwanja wa ndege na vifurushi, na watu wa Moroni wakawabandika jina la shirika la ndege lililowaleta, jina walilobaki nalo mpaka leo, wao na wajukuu. Alikuwa mjane, anashona magauni na kukaanga maandazi ya mchele alfajiri, na alikuwa na binti mmoja, Nasra, aliyekuwa amemaliza shule. Aliingia kwenye chumba cha kwanza akakinusa, akaingia cha pili akakinusa, akasema, "Hapa palikuwa na mwanamume asiyefungua dirisha." Kuanzia siku ile sikuitwa tena kwa ajili ya kitasa. Alipaka chokaa mwenyewe, akasafisha tangi, akapanda mchaichai uani. Nilipopita jioni kutoka kazini alinikalisha kwenye mkeka na kunipa mataba ya majani ya muhogo na wali, na ole wangu nikisema nimeshiba. Akinitafutia nyama kwenye chungu alihesabu kwa Kimalagasi, chini kwa chini, kwa sababu hesabu alijifunzia huko.

Nasra yeye kazi yake ilikuwa kunicheka. Watu wa Moroni nyumbani kwao wanaita daho. Sisi wa Nzuwani tunaita dago. Herufi moja tu, lakini nikisema tu, "Haya, narudi dago," Nasra alijiangusha mkekani kwa kicheko. "Dago! Mama, umemsikia? Dago!" Mama yake alimtupia kijiko. Lakini usiku mmoja nilipolala kwao kwa sababu ya mvua, niliwasikia nyuma ya pazia. Binti alikuwa anasema kuna kijana, Ali, fundi mwashi, na kwao wako tayari kuleta posa. Mama akasema, "Wakileta, wataileta wapi? Ali aingie wapi na sanduku lake? Kwenye chumba cha kodi? Mtu wa Majunga hana daho, mwanangu. Mwambie Ali asubiri." "Asubiri nini, mama?" Nililala macho kwenye bati langu lililokuwa halivuji tena, nikaona haya, kisha nikakasirika kwa kuona haya, kwani mimi nilikosa nini?

Baada ya hapo nikaitwa Mutsamudu. Hospitali ya Hombo ilikuwa imebaki karibu bila wakunga, wengine wamekimbia, wengine wamechoka kufanya kazi bure, na ujumbe ukaja kwamba wanawake wa kwetu wanajifungua mikononi mwa wafagiaji. Nilikwenda kwa miezi michache tu, ndivyo nilivyojiambia. Siku ya kuondoka Mama Nasra aliandaa chai, akamwita muadhini wa mtaa aje aniombee dua ya safari, na majirani wawili watatu wakaja kwa sababu ya harufu ya maandazi. Alikuwa na wasiwasi. "Bi mkunga, tukiharibikiwa na kitu nimuulize nani?" Nami, kwa adabu, kama mtu yeyote angesema, nikamjibu kwa sauti mbele ya wote, "Usimuulize mtu, dada. Nyumba ni yako." Muadhini akasema amina. Tukanywa chai, nikaenda bandarini, wala sikulifikiria tena neno lile.

Hombo sikujua mchana wala usiku. Zamu haikuwa na mwisho, unavua koti unaitwa tena. Umeme ulikatika, dawa hazikuwapo, meli za mizigo zilizuiliwa, tukachemsha nyuzi za kushonea na kuzitumia tena. Nilikuwa nimepewa chumba kimoja mjini, ndani ya ile Mutsamudu ya zamani, ambako njia ni nyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja anajibana ukutani, na kutoka dirishani nilisikia mazungumzo yote ya mtaa. Asubuhi walizungumza bei ya mchele. Mchana walizungumza nchi mpya. Jioni, wakiona nimerudi, walinizungumza mimi. "Huyo ndiye mwenye nyumba Moroni." "Basi yuko upande gani?" "Upande wa kodi yake." Walicheka, lakini si kila mara. Jirani mmoja aliniuliza waziwazi kwenye ngazi, "Vita vikija, Zalihata, bomu ukiliona linakwenda Moroni utalizuia?" Nikamjibu, "Likipita Magudju nitalizuia kwa kichwa." Nilitania, kisha nikajifungia chumbani. Simu za kwenda Moroni zilikuwa zimekatwa. Barua hazikupita. Sikujua kama nyumba imesimama, kama kodi inalipwa, kama Mama Nasra yu hai. Nikishona mama aliyechanika, macho yako kwenye sindano na moyo uko kwenye bati.

Kisha Moroni ikachafuka. Mazungumzo ya visiwa yalivunjika, na vijana wa kule wakaanza kupita mitaani wakiuliza watu wametoka kisiwa gani. Meli zikaanza kushusha Wanzuwani Mutsamudu, watu wa kazi zao, walimu, wachuuzi, wamebeba magodoro na vyungu. Wajawazito waliletwa moja kwa moja Hombo. Mmoja alijifungua kabla hajavua viatu, na nilipokuwa namfuta jasho nikamuuliza, si kwa sababu ilikuwa wakati wake bali kwa sababu nilishindwa kujizuia, "Magudju kukoje?" Akageuza uso ukutani. "Magudju wanaingia nyumba kwa nyumba. Ya Mnzuwani wanaivunja." Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za wodi. Nililia kwa ajili ya bangili, nasema kweli, kwa sababu machozi mengine yalikuwa makubwa mno na sikuweza kuyaanza.

Wa kunimalizia alikuwa Bako Saidi, mchukuzi wa mizigo bandarini, mtu mzima ambaye mkewe nilimzalisha mapacha na tangu hapo alijiona ana deni. Alikuwa akiniulizia habari kwa mabaharia. Siku ile alipanda mpaka Hombo kwa miguu, kofia mkononi. "Binti yangu, nyumba yako imesimama." Nikamshukuru Mungu. "Ngoja," akasema. "Imesimama, lakini ndani yake pamefanyika harusi. Yule binti wa mpangaji. Bwana ameingia." Nikamtazama. "Ameingia na sanduku?" "Na sanduku, na mkeka, na dua. Mna daho." Hilo ni jina la harusi ndogo kule Ngazija, maana yake nyumba ndogo. Nani kwetu asiyejua? Nyumba aliyoingia bwana harusi mbele ya imamu na majirani ni nyumba ya mke, imekwisha, hakuna anayeuliza tena. Afadhali wangeivunja! Iliyovunjwa naweza kuijenga, lakini iliyoozwa nitaidai kwa nani? "Mwizi!" nikapiga kelele katikati ya ua wa hospitali. "Nimelisha mwizi!" Bako Saidi akaniambia kwa upole, "Umekula wewe kwake, mama, ulinisimulia mwenyewe." Nikaenda kuomba ruhusa ya safari.

Daktari mkuu hakutaka kuniachia. "Wodi imejaa, na wewe unataka kwenda walikofukuzwa wenzako? Kwa ajili ya vyumba viwili?" Nikamwambia mshahara alionilipa yeye tangu nije naweza kuuweka kwenye jicho usiniwashe. Akakuna kichwa, akaniambia niende nirudi na meli ileile, na nikikamatwa yeye hanijui. Bako Saidi alinitafutia nafasi kwenye meli ya mizigo iliyokuwa inarudi tupu baada ya kushusha watu. Nilikuwa abiria wa kike peke yangu. Niliivua shiromani yangu, ile shuka nyekundu na nyeupe inayomtambulisha mwanamke wa Nzuwani kutoka mbali, nikaikunja chini kabisa ya mkoba, nikajitanda leso ya Kingazija. Leso ilikuwa kazi rahisi. Ulimi je? Nikifungua mdomo tu, nimekwisha. Bandarini Moroni nilijifunga kitambaa shavuni kama mwenye jino bovu, na kwenye teksi nilimwonyesha dereva njia kwa kidole na kugumia. Abiria mwenzangu, mama mwema, alinishauri karafuu, na mimi ninayetoka kisiwa cha karafuu nikaitikia kwa kichwa.

Teksi ilituacha kwenye mdomo wa mtaa, kwa sababu katikati ya njia palikuwa na mawe na vijana wamekaa juu yake. Baadhi yao sura nilizijua, na mmoja, naapa, mdogo wake nilimpokea kwa mikono yangu. Nyumba mbili upande wa kulia hazikuwa na paa. "Mama, unakwenda wapi?" mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa. Nikagusa shavu. "Jino, tunaona. Unakwenda wapi?" Nikaonyesha mbele. Mwingine akasimama. "Aseme. Neno moja tu. Unakwenda wapi?" Neno lilikuwa moja kweli, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu melini, daho, daho, daho. Nikafungua mdomo, nikasema, "Dago."

Hakuna aliyesogea. Kisha nikasikia sauti ya kijiko kwenye sufuria na kelele ya mwanamke. "Mandrosoa! Mandrosoa!" Mama Nasra alikuwa anakuja mbio na aproni yake, akinikaribisha kwa Kimalagasi, mikono ameitanua, maneno yanamtoka kama maji, na mimi sielewi hata moja. Alinikumbatia, akaniminya mbavu kwa kidole. Nikakumbuka neno moja nililowahi kumsikia akimwitikia Nasra. "Eka," nikasema, yaani ndiyo. "Eka, eka." Akawageukia vijana. "Huyu ni mdogo wangu, wa Majunga. Mnamzuia mgonjwa wa jino njiani?" "Amesema dago," kijana akasema. "Na mimi nilipofika hapa nilisemaje?" akamjibu. "Mlinicheka miaka. Lugha za watu wa Majunga tangu lini zikanyooka? Ondokeni, wali wangu unaungua!" Wakacheka, wakafungua njia. Mmoja akanibebea mkoba, na shiromani yangu ndani yake.

Mlango ulikuwa umepakwa kijani, rangi mpya. Chumba nilicholala ule usiku wa mvua kilikuwa na kitanda cha harusi chenye chandarua cha waridi, na sanduku la Ali limewekwa chini ya dirisha. Nilikalishwa mkekani kama mgeni, nikaletewa maji ya kunawa. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyapanga tangu Hombo, na yote yalikuwa yamebaki kule kwenye mawe. Nikasema tu, "Dada, umeniozea nyumba." Mama Nasra akaufunga mlango. "Walikuja na mapanga na petroli," akasema. "Wakauliza, hii si ya yule mkunga Mnzuwani? Nikasema si yake, ni ya binti yangu. Wakaniuliza, ya binti yako? Bwana wake yuko wapi? Nyumba ya mwanamke haina bwana? Wakasema watarudi Ijumaa. Ungefanya nini, bi mkunga? Nilimtumia habari Ali siku ileile. Tumepika sufuria moja ya pilau. Ijumaa wamerudi, wamekuta Ali yumo ndani anakula." Akafuta macho. "Na muadhini, walimwuliza pia. Hakusema uongo yule mzee. Alisema, mkunga mwenyewe alisema mbele yangu: nyumba ni yako."

"Ile ilikuwa adabu!" nikasema. "Najua." "Mtu yeyote husema hivyo!" "Najua, dada. Na adabu yako ndiyo iliyozuia petroli." Nasra aliingia na sahani, akaiweka mbele yangu, hakunitazama. "Mama mdogo, sikuomba iwe hivi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita mama mdogo. Alikuwa amevimba macho, na bado alikuwa na hina mikononi, na uso wake chini ya huzuni ile ulikuwa na furaha iliyoshindwa kujificha. Nilimwonea wivu, nikamwonea huruma, nikaona njaa, yote pamoja. Nikala. Mama Nasra akamwambia binti yake, "Na lile neno la kumcheka mama mdogo, sitaki kulisikia tena humu ndani. Kuanzia leo humu hakuna dago. Litatuua." Nasra akatoka, ndipo tukaagana sisi wawili. Nje, nyumba ni ya Nasra. Baina yetu, ni yangu kama jana, na kodi itakuja. Nilimwuliza atamwambia nini binti yake. Akasema, "Niachie mimi." Sikuuliza zaidi, na alfajiri nilikuwa bandarini na kitambaa shavuni.

Na kodi ilikuja. Visiwa vikapatana, simu zikafunguliwa, marais wakaja wakaenda, na kila mwezi msafiri fulani alinishushia Mutsamudu kifurushi cha "leso za dada," na ndani ya leso palikuwa na pesa. Ilinisaidia kujenga vyumba vya wauguzi pale Hombo, karibu na hospitali, na hivyo ndivyo ninavyokula katika uzee wangu. Wapangaji wangu wa Hombo hunikuta na tabia moja wanayoisema pembeni. Akiingia mtu mpya, simwambii nyumba ni yako. Namwambia karibu chumbani, choo kile pale. Lakini ya Magudju sikuigusa wala kuitaja. Nilikwenda kwenye harusi kubwa ya Nasra na Ali, ile ya desturi inayofuata miaka baada ya ndogo, nikaenda kwa wajukuu watatu waliozaliwa, na kila mara Nasra alinikaribisha na kila mara nilijiuliza, huyu anajua nini? Mama yake alimwambia nilimpa? Nikifa, watoto wa dada yangu wakija kudai, watatukanana na nani? Nilikaa na wasiwasi huo muda mrefu hata nikauzoea kama mguu mbovu.

Basi juzi nikafika matangani, na shiromani yangu kichwani mchana kweupe. Chumba kilijaa wanawake wa mtaa, mkeka hauonekani. Tulisoma, tukalia, chai ikapita. Nasra sasa ana mvi, mnene, sauti ya mama yake tupu. Alinikalisha pembeni yake. Mwanamke mmoja akasema kumliwaza, "Mama yako ameondoka ameshakuona una nyumba, na binti yako naye anaolewa, mtamjengea juu, hizo nondo zimengoja vya kutosha." Ghorofa! Ali ni mwashi, atajenga, na kitakachojengwa juu hakishuki tena. Nikasema moyoni, ndiyo mwisho wake, Zalihata, nyamaza, kunywa chai. Nasra akaweka kikombe chini. "Siwezi kujenga bila ruhusa," akasema, akanishika mkono mbele ya wote, na sauti yake ikawa kubwa ili wa mlangoni wasikie. "Hii ni dago ya mama mdogo."

Wanawake wakatazamana. "Umesema nini?" mmoja akauliza. "Dago," Nasra akasema, taratibu, na g yake ikatoka nzito, ya Mutsamudu hasa. "Sisi ni wapangaji wake. Mama aliniapisha, na nimelipa mwenyewe tangu alipougua. Neno hili alinikataza kulitaja humu, na leo nalitaja, nanyi ni mashahidi." Kisha akanigeukia, na nikaona amekuwa na wasiwasi huu miaka ileile niliyokuwa nao mimi. "Mama mdogo, unaniruhusu nimjengee binti juu?"

Nilimkumbuka yule msichana nyuma ya pazia akiuliza Ali asubiri nini. "Jenga," nikamwambia. "Jenga, mwanangu, umjengee da... dago." Nilitaka kuisema kama wao, kwa h, mbele ya mashahidi haohao, na baada ya miaka yote hiyo bado ilinitoka vibaya. Nasra akajaribu kujizuia kwa ajili ya matanga, akashindwa, akaangusha kichwa mapajani mwangu kwa kicheko na machozi.